Amsterdam hadi Lisbon: Kukokotoa Umbali wa Angani na Muda wa Safari Ukiwa Kigoma

Tiketi ya ndege ya Amsterdam kwenda Lisbon inaweza kusomeka hivi: kuondoka 14:10, kufika 16:10. Ukiisoma ukiwa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma utasema safari ni ya saa mbili, kumbe ndege hiyo iko safarini karibu saa tatu. Tiketi ya kurudi nayo itaonekana kama ya saa nne, ilhali muda ni uleule au umepungua kidogo. Wazazi wanaosubiri simu ya mtoto aliyetua, mawakala wanaounganisha tiketi mbili na wasafiri wenyewe hukosea hapa mara kwa mara, na kosa hilo humfanya mtu akose ndege ya pili. Dawa yake ni kutenganisha hesabu mbili. Kwanza tafuta umbali, ambao haubadiliki. Kisha tafuta muda, ambao hubadilika kwa upepo, foleni na saa za nchi.

Mfano wetu ni Amsterdam na Lisbon, kwa kuwa safari hiyo ina karibu kila mtego. Pale inapofaa tutailinganisha na njia ya nyumbani: Kigoma, Tabora, Dar es Salaam.

Herufi tatu kwanza

Kila uwanja una msimbo wa herufi tatu. Amsterdam (Schiphol) ni AMS, Lisbon ni LIS, Dar es Salaam ni DAR, Tabora ni TBO na Kigoma ni TKQ. Huo wa Kigoma haukisiki. Wanaobahatisha kwa kuanza na KG huishia KGL, ambayo ni Kigali. Ukiandika msimbo badala ya jina la mji unaepuka kosa hilo.

Ulaya hatari kubwa ni mji mmoja wenye viwanja vingi. London ina LHR, LGW, STN, LTN na LCY. Kuna uwanja unaouzwa kwa jina la Paris, Beauvais (BVA), ambao uko kama kilomita 85 kutoka Paris yenyewe, na Hahn (HHN) iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Frankfurt. Tiketi za huko huwa nafuu, lakini basi la kukufikisha mjini linaweza kula muda wote uliookoa angani. Ukikokotoa umbali kwa jina la mji badala ya msimbo wa uwanja, hesabu yote imeharibika kabla hujaanza.

Latitudo na longitudo

Kwenye Google Maps ya simu, tafuta uwanja, sogeza picha hadi uone barabara ya kurukia ndege, kisha shikilia kidole juu yake. Alama itasimama na namba mbili zitatokea: ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Kwa mfano wetu:

AMS: 52.3086, 4.7639
LIS: 38.7813, −9.1359

Alama ya kutoa kwenye namba ya Lisbon si mapambo. Lisbon iko magharibi ya mstari wa Greenwich, Amsterdam iko mashariki. Kwa hiyo tofauti ya longitudo ni 4.7639 kujumlisha 9.1359, yaani 13.8998. Ukisahau alama utatoa badala ya kujumlisha, utapata 4.372, na mwisho wa hesabu jibu litakuwa kama kilomita 1,540 badala ya 1,846. Ubaya wa kosa hili ni kwamba 1,540 ni namba inayoaminika, haikushtui. Sisi huku tuna kawaida ya kusahau upande wa latitudo, kwa kuwa Kigoma na Tabora ziko kusini mwa Ikweta na latitudo zake huandikwa kwa alama ya kutoa: Kigoma ni −4.886, 29.671, Tabora ni −5.076, 32.833.

Mtego mwingine uko kwenye vitabu na ramani za zamani, ambazo huandika nyuzi na dakika. Kigoma iko 4°53′ kusini. Hiyo si 4.53. Dakika 53 gawanya kwa 60 unapata 0.88, hivyo ni 4.88. Aliyeandika 4.53 ameusogeza uwanja karibu kilomita 39 kaskazini.

Kukokotoa umbali

Njia ya haraka ni kuachia simu. Kwenye Google Maps, ukishaweka alama, vuta maelezo juu, chagua kupima umbali, kisha sogeza hadi uwanja wa pili. Tovuti ya Great Circle Mapper (gcmap.com) ni rahisi zaidi: andika AMS-LIS na inakupa jibu pamoja na mstari kwenye ramani. Ni nyepesi, na hata intaneti ya kusuasua inatosha.

Lakini ni vizuri kujua kuifanya kwa kalkuleta, hasa kwa wakala anayetaka kuhakiki namba aliyopewa, au mwanafunzi aliyeiona mada ya dunia kama tufe darasani. Fungua kalkuleta ya sayansi na uhakikishe iko kwenye DEG (nyuzi), si RAD (radiani). Kisha:

1. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya ya pili: sin 52.3086 × sin 38.7813 = 0.49564.
2. Zidisha cos ya kila latitudo, kisha cos ya tofauti ya longitudo: cos 52.3086 × cos 38.7813 × cos 13.8998 = 0.46266.
3. Jumlisha: 0.95830.
4. Bonyeza cos⁻¹ ya jibu hilo: nyuzi 16.604.
5. Zidisha kwa 111.195, ambazo ni kilomita za uzi mmoja kwenye duara kubwa la dunia (njia fupi kuliko zote juu ya tufe): kilomita 1,846.

Usikate desimali katikati. Ukiandika 0.96 badala ya 0.95830 utapata kilomita 1,808, umepoteza 38 kwa uvivu wa tarakimu tatu. Na kadiri viwanja vinavyokaribiana ndivyo kosa linavyokua. Kigoma hadi Tabora ni kilomita 351 angani. Cos yake ni 0.99848. Ukiikata iwe 0.998 kalkuleta inakupa kilomita 403, na ukiipandisha iwe 0.999 inakupa 285. Kwa safari fupi kama hizo tumia desimali zote alizokupa Mungu na kalkuleta yako.

Nusukipenyo cha dunia kilichofichwa ndani ya 111.195 ni kilomita 6,371. Ukitumia 6,400, kama ilivyo kwenye maswali mengi ya shule, jibu litapanda hadi 1,855 hivi. Programu nyingine nazo zitatofautiana na yako kwa kilomita chache, kwa sababu zinazingatia kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Tofauti hiyo haimkoseshi mtu ndege.

Kinachopotosha kweli ni kupima Ulaya kwa mazoea ya Ikweta. Kigoma, uzi mmoja wa longitudo ni kama kilomita 110.8, karibu sawa kabisa na uzi wa latitudo, kwa hiyo ukichora pembetatu kwenye karatasi ya mraba utapata jibu zuri. Amsterdam mistari ya longitudo imeshaanza kubanana kuelekea ncha ya kaskazini, na uzi mmoja umebaki kilomita 68 tu. Anayetumia 111 pande zote mbili kati ya Amsterdam na Lisbon atapata kilomita 2,153, zaidi ya 300 za hewa.

Angalia pia kipimo. Kilomita 1,846 ni maili 1,147 za kawaida na ni maili 997 za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya kawaida ni 1.609. Ukiona mtu anadai Amsterdam–Lisbon ni “997”, hajakosea. Hajasema tu maili za wapi.

Kutoka umbali hadi muda

Hapa ndipo wengi hugawanya umbali kwa mwendo wa ndege na kufunga daftari. Ndege kama Airbus A320 au Boeing 737-800 huenda kama kilomita 830 kwa saa ikiwa juu. 1,846 kwa 830 ni saa 2 na dakika 13. Ratiba za mashirika, hata hivyo, huandika karibu saa tatu. Dakika zile nyingine zimeenda wapi?

Kwanza, ndege haipiti kwenye mstari ulionyooka. Inaondoka kwa njia iliyopangwa, inakwepa anga za jeshi na mvua kubwa, inazunguka kujipanga kabla ya kutua. Ongeza asilimia 5: kilomita 1,846 zinakuwa 1,938, na muda unakuwa saa 2 na dakika 20. Pili, inapopanda na kushuka haiendi 830. Weka dakika 15 kwa hasara hiyo. Tatu, saa ya ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa tena, si magurudumu yanapoacha ardhi. Schiphol ni mfano mbaya wa jambo hili. Moja ya barabara zake za kurukia, Polderbaan, iliyofunguliwa mwaka 2003, iko mbali sana na majengo ya abiria. Ndege inaweza kutambaa ardhini robo saa, inavuka hata juu ya barabara kuu ya magari, kabla haijaanza kukimbia. Weka dakika 20 kwa viwanja vyote viwili. Jumla: saa 2 na dakika 55.

Kwa hiyo kanuni ya mkononi kwa ndege za jeti ndani ya Ulaya ni hii: umbali × 1.05 ÷ 830, kisha ongeza dakika 35. Kwenye viwanja vidogo visivyo na foleni, dakika 25 zinatosha.

Upepo ndio unaobaki. Juu ya Ulaya, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, upepo wenye nguvu huvuma kwa kawaida kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi nguvu. Ndege ya kwenda Lisbon inaelekea kusini-magharibi, inaupokea usoni. Ya kurudi inasukumwa mgongoni. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma sawasawa na njia. Kwenda, mwendo juu ya ardhi unashuka hadi 730 na zile kilomita 1,938 zinachukua saa 2 na dakika 39. Kurudi, mwendo ni 930 na muda ni saa 2 na dakika 5. Hizo ni dakika 34 za tofauti kwa umbali uleule. Mashirika huziweka ndani ya ratiba mapema, ndiyo maana mara nyingine ndege ya kuelekea mashariki hufika kabla ya saa iliyoandikwa na rubani akajisifu.

Kwa njia ya kwetu badilisha mwendo. Dash 8-400 ya mapangaboi inayotua Kigoma na Tabora huenda kama kilomita 620 kwa saa na hairuki juu kama jeti. Kigoma–Dar ni kilomita 1,077 angani (Reli ya Kati, kwa mizunguko yake, ni zaidi ya 1,200). Zidisha kwa 1.05, gawanya kwa 620, ongeza dakika 20: kama saa 2 na dakika 10. Sasa tazama ndege ikipitia Tabora. Kigoma–Tabora 351 na Tabora–Dar 732 ni jumla ya kilomita 1,083. Umbali umeongezeka kilomita 6 tu, kwa sababu Tabora iko karibu kabisa na mstari. Muda umeongezeka karibu saa nzima: kushuka, kuegesha, kushusha na kupakia mizigo, kupanda tena. Anayelinganisha safari mbili kwa kilomita peke yake ataziona ziko sawa.

Saa za tiketi na saa zetu

Muda wa saa kwenye tiketi ni wa mji husika, siku zote. Kuondoka ni saa ya Amsterdam, kufika ni saa ya Lisbon, na Lisbon iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja mwaka mzima. Ndiyo maana 14:10 kujumlisha saa tatu ni 17:10 ya Amsterdam, ambayo Lisbon ni 16:10. Kurudi ukiondoka 17:00 na ndege ikatumia saa 2 na dakika 55, Lisbon itakuwa 19:55 lakini saa ya ukutani Schiphol itasoma 20:55.

Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka: mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Uholanzi na Ureno hubadilisha kwa wakati mmoja, hivyo kati yao hakuna kinachoyumba. Kinachoyumba ni kwetu, kwa sababu Tanzania haibadilishi. Kuanzia Machi hadi Oktoba tuko mbele ya Amsterdam kwa saa 1 na mbele ya Lisbon kwa saa 2; miezi mingine ni saa 2 na saa 3. Basi aliyeko Kigoma akisubiri ndege ya 16:10 itue Lisbon, mwezi Julai apige simu kuanzia saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Mwezi Januari, saa moja na dakika kumi.

Na hapo tumeshaingia kwenye saa za Kiswahili, ambazo tiketi haizijui. Kanuni: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa 18, kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza 6. Kwa hiyo 13:40 ni saa saba na dakika arobaini mchana, 21:30 ni saa tatu na nusu usiku, na 02:30 ni saa nane na nusu usiku. Anayesoma 02:30 kama saa mbili na nusu asubuhi atafika uwanjani ndege ikiwa imeshaondoka saa sita zilizopita.

Mbaya kuliko zote ni ndege ya 00:30. Tiketi ikiandika Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Unapaswa kuwa uwanjani Ijumaa usiku, saa tatu na nusu. Wapo wanaokuja Jumamosi usiku na sanduku limefungwa vizuri kabisa. Wakala anayemwandikia mteja aandike siku ya kutoka nyumbani, si siku ya tiketi peke yake. Na kama kuna +1 kando ya saa ya kufika, amweleze kuwa ni kesho yake.

Kuunganisha ndege Amsterdam

Panga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kama ndege ya Lisbon inaondoka 14:10, lango hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla, sema 13:50. Anayetoka Dar es Salaam anatoka nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zisizokagua pasi kwenye mipaka kati yao), na Lisbon iko ndani yake, kwa hiyo ukaguzi wa pasi ya kusafiria unafanyika Amsterdam, si Lisbon. Hakikisha viza ya Schengen iko mkononi kabla ya kutoka nyumbani. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza pia kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole, na foleni si za kukisia. Usikubali chini ya saa mbili. Saa tatu ni salama zaidi. Hivyo ndege ya kutoka Dar iwe imefika kabla ya 11:50, na ikiwezekana kabla ya 10:50.

Dar–Amsterdam ni kama kilomita 7,300. Ndege kubwa za masafa huenda karibu 890 kwa saa, hivyo kanuni yetu inatoa saa tisa na dakika kumi hivi bila kituo cha njiani. Ikisimama Kilimanjaro au Zanzibar, ongeza saa moja na nusu hadi mbili. Upande wa Kigoma, kama tiketi ya Kigoma–Dar imenunuliwa peke yake, ndege ikichelewa shirika la safari ya Ulaya halikudai wala hulidai, na begi lazima ulichukue Dar na kulikabidhi upya. Kwa tiketi mbili tofauti, kulala Dar usiku mmoja ni nafuu kuliko kununua tiketi mpya.

Pale umbali unapogeuka pesa

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia ya abiria kwa umbali wa duara kubwa, uleule tuliokokotoa. Ndege ikiondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya na kukufikisha ukiwa umechelewa saa tatu au zaidi, kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, fidia ni euro 250 hadi kilomita 1,500, na euro 400 kwa safari za ndani ya Umoja zinazozidi hapo. Amsterdam–Lisbon, kwa kilomita 1,846, iko kwenye 400. Yule aliyesahau alama ya kutoa na kupata 1,540 bado angeangukia upande uleule, lakini kwa bahati tu. Dhoruba na kufungwa kwa anga havilipwi.

Ukirudi nyumbani kwa tiketi moja Lisbon–Amsterdam–Dar, umbali unapimwa moja kwa moja kutoka Lisbon hadi Dar bila kuhesabu kona ya Amsterdam. Huo unazidi kilomita 3,500, na daraja lake ni euro 600, ingawa shirika linaweza kulipa nusu ukichelewa kati ya saa tatu na nne. Tunza bodingi pasi zote. Na saa ya kufika, kwa uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Ulaya wa mwaka 2014, ni pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa abiria washuke, si magurudumu yanapogusa ardhi. Mlango ukifunguka, piga picha ya saa ya simu yako, lakini hakikisha kwanza simu imeshika saa za mji ulipo na haijabaki na za Dar.